Kiti cha Eddo Halima

Tangu nirudi Hola kwa likizo, kila anayekuja kunijulia hali huuliza jambo moja: ni kweli ile ndege ilianguka? Haikuanguka. Ingeanguka nisingekuwa hapa nikila samaki wa mamangu. Lakini naona habari zilinitangulia, na njiani zikaongezewa chumvi, nami nimechoka kuanza upya kila mgeni anapoingia. Basi nimeiandika yote, kutoka Garissa hadi Wajir na kurudi. Someni kwa zamu.

Kwa wasiojua kazi yangu ya jioni: nikishamaliza kufundisha wasichana pale Garissa, huwa naenda kwenye chama cha akina mama wa kujitolea. Tunawaosha wagonjwa hospitalini wasio na ndugu, tunashona nguo za watoto, tunajifunza kufunga vidonda. Mwenyekiti wetu ni Halima, mjane mwenye duka la vitambaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Mji mzima humwita Eddo, yaani shangazi. Mimi ni katibu, kwa sababu nina mwandiko unaosomeka.

Wenzetu wa Wajir walituita mkutanoni. Siku hizi watu wengi wa kule wamekusanywa vijijini kando ya kambi za askari, wamezungushiwa miiba, na hakuna muuguzi. Tulitakiwa tuamue jinsi ya kuwafikia. Barabara haipitiki ila kwa msafara wa jeshi, na hata msafara hukanyaga mabomu yaliyofukiwa mchangani. Kwa hiyo serikali ikatupa ndege.

Eddo alikuwa na sababu yake pia. Binti yake wa pekee, Sahra, aliolewa na mfanyabiashara wa Wajir muda mfupi kabla ya vita kuanza. Tangu hapo walikuwa hawajaonana. Sahra amezaa mtoto wa kiume, na bibi yake alimjua kwa salamu za madereva tu.

Garissa

Tuliambiwa tufike kiwanjani alfajiri. Tukafika. Ndege haikufika. Tulikaa kwenye kibanda cha mabati mpaka mabati yenyewe yakaanza kulia kwa joto.

Eddo alipakata mkebe wa nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo kama njugu, ikakaangwa ikakauka, ikazamishwa kwenye samli. Hakukubali kuuweka chini hata kidogo.

"Sahra nabenda hii," aliniambia. Eddo anajua Kiswahili cha dukani, na herufi ya p haijapata kutoka kinywani mwake.

"Eddo, si hata Wajir kuna ngamia?"

"Ngamia iko," alisema. "Mama yake hakuna iko."



Jua lilikuwa utosini ndege ilipotua. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, yenye viti vinne pamoja na cha rubani. Rubani ni Kalasinga mmoja kutoka Nairobi, Bwana Gurdial, kijana mwenye kilemba cha rangi ya vumbi na macho mekundu ya kukosa usingizi. Alipakia makatoni yetu ya maziwa ya unga na bendeji kwenye kiti cha mbele, kisha akasimama akitazama kaskazini kwa muda.

"Mama, mawingu iko mingi kule," alisema. "Leo ama kesho?"

Kabla sijafungua mdomo Eddo alikuwa ameshaingia ndani, mkebe mapajani.

"Leo," alisema.

Angani

Mwanzo ulikuwa mtamu, nisidanganye. Mto Tana ulionekana kama mkanda wa udongo uliotupwa ovyo, na mikoma imeusindikiza pande zote mbili. Eddo alinigusa akanionyesha upande wa Balambala, alikochunga mbuzi alipokuwa msichana. Halafu mto ukaisha, ikabaki nchi tambarare ya rangi moja, vichaka na mchanga, vichaka na mchanga, na kivuli chetu kidogo kikikimbia juu yake.

Kisha kivuli kikapotea. Mawingu yalikuwa yameziba jua, nasi tukaingia ndani yake.

Sijui nilifananishe na nini jambo lile. Ndege ilianguka kama ndoo iliyokatika kamba, ikadakwa na kitu, ikapigwa ubavuni, ikaanguka tena. Kichwa changu kiligonga dari. Mvua haikunyesha kutoka juu, ilitujia kwa mbele, na sauti yake ilikuwa kama ya mawe kwenye sufuria. Nilitapika ndani ya mkoba wangu mzuri, ule mliokuwa mkiusifu. Eddo alifumba macho, mkono mmoja ameshika mkebe, wa pili ameshika mkono wangu kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi, na midomo yake haikuacha kusoma Kurani.

Katikati ya aya alisimama, akafumbua jicho moja.

"Mwalimu! Ambia yeye bunguza mwendo!"

Niliinama mbele nikapiga kelele. "Mama anaomba upunguze mwendo!"

"Nikipunguza tunaanguka!" Bwana Gurdial alijibu bila kugeuka.

"Amesema nini?" aliuliza Eddo.

"Amesema sawa."

Eddo alitikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye aya yake.

Rubani alijaribu kulizunguka wingu kwa upande wa mashariki. Likatokea jingine. Akalizunguka na hilo pia. Redio ilikwaruza tu. Nilimuona akitazama chini, akitazama ramani, kisha akiikunja na kuisukuma chini ya kiti, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko radi.

"Mafuta imebaki?" nilimuuliza, nami nikiwa nimeshaanza kusema kama yeye.

"Mafuta iko. Njia ndiyo hakuna."

Mashariki kuna mpaka. Hakuna aliyelitaja neno lile, ila Eddo aliacha kusoma, nami nikajua naye analiwaza. Ndege ya serikali ya Kenya kutua upande wa pili, wakati ule, halikuwa jambo la kuombea mtu.

Mwishowe wingu lilipasuka chini yetu, tukaona mabati machache yakimeta, boma la miiba, na mstari mrefu uliofyekwa. Bwana Gurdial alisema jambo kwa Kipunjabi, akaielekeza pua ya ndege pale. Tulitua kwenye matope, tukateleza kama mtu aliyekanyaga ganda la embe, tukasimama tumeuelekea upande tulikotoka.

Diff

Injini ilipozimika, hakuna aliyetaka kufungua mlango.

"Hii Kenya ama Somalia, mimi sijui," alisema Bwana Gurdial polepole. "Mama, tafadhali, wewe salimia watu."

Watu walikuwa wanakuja: wanawake, watoto, wazee wachache, na mbele yao mwanamume mrefu mwenye kilemba chekundu na bunduki begani. Eddo alishuka kwanza. Wakasalimiana kwa Kisomali, salamu ndefu zenye kuuliza amani ya mvua na ya mifugo. Yule mwanamume akanigeukia, akaona sura yangu si ya kule, akanisemesha Kiswahili. Hata hicho hakikunituliza, maana Kismayu, ng'ambo ya mpaka, nako kinasemwa.

"Mama, basi iko wabi?"

"Hakuna basi, ndugu yangu. Tumekuja kwa ndege. Hiyo hapo."

Aliitazama ndege. Akanitazama mimi.

"Ndege naona. Mimi nauliza basi."

"Basi haiwezi kupita barabara hii," nilimwambia, machozi yakinilenga. "Sisi tunakwenda Wajir, mawingu yametupoteza. Hatukuja na basi, wallahi."

Nyuma yangu Eddo alianza kutetemeka. Nilidhani analia. Nilipogeuka niliona anacheka, tena kicheko cha kuishikilia ndege asianguke.

"Mwalimu! Yeye nataka karatasi! Basi! Basi ya kutembea!"

Pasi. Ile pasi ya kusafiria ambayo kila mtu wa mkoa ule hutembea nayo kifuani. Bwana Gurdial alikuwa mwepesi kuliko mimi. Alitoa kichwa dirishani.

"Anataka pasi? Basi tuko Kenya!"

Akakiegemeza kichwa chake kwenye usukani. Yule askari wa kilemba naye akacheka bila kujua anachekea nini, na watoto wote wakacheka kwa sababu wakubwa wanacheka. Tulikuwa Diff, mpaka uko karibu kiasi cha mbuzi kwenda na kurudi.

Mkubwa wa kituo cha askari alisema tungoje anga isafike. Wakatuletea chai yenye maziwa ya ngamia, nzito, yenye harufu ya moshi wa kibuyu, na anjera, zile chapati laini za Kisomali, zilizomwagiwa samli. Nilidhani tumbo langu halitapokea kitu tena maishani. Nilikula tatu.

Eddo naye alikuwa ameshakaa na wanawake, wanahesabiana mababu. Walipofika babu wa sita au wa saba wote wakapiga makofi: wameshakuwa ndugu. Hapo ndipo bibi mmoja mwembamba alipomvuta Eddo mkono akamnong'oneza. Eddo aliinuka, akaniita kwa kichwa.

Ndani ya kibanda cha mikeka alilala msichana, Fadumo, mkaza mwana wa yule bibi. Alikuwa amejifungua siku chache nyuma. Mume wake alikuwa ameondoka, na nilikuwa nimeshajifunza kutouliza mume wa mtu amekwenda wapi. Wengine huwaita watu wale shifta, wengine huwaita vijana wetu, nami sina jina ninalowaita. Fadumo alikuwa anawaka moto. Macho yalikuwa wazi lakini hayakutuona. Kando yake, ndani ya kitambaa, kilikuwako kitoto cha kike kinanyonya kidole chake chenyewe kwa hasira, kwa sababu maziwa ya mama yalikuwa yamekauka.

Eddo aliweka kiganja kwenye paji la uso la Fadumo. Hospitalini nimemuona akifanya vile mara nyingi, na nimejifunza kuusoma uso wake. Aliuliza msafara utapita lini. Bibi alifungua mikono: labda wiki hii, labda ijayo.

Tulimwendea Bwana Gurdial. Alikuja mpaka mlangoni, akachungulia, akatoka. Alihesabu kwa vidole: makatoni yatabaki, mgonjwa atalazwa viti viwili vya nyuma, kitoto lazima kipakatwe na mtu kiti cha mbele.

"Mtu moja," alisema. "Kiwanja ni matope. Uzito zaidi, hatupandi."

"Nitabaki mimi," nilisema haraka, kabla woga haujanishika. "Eddo aende. Sahra anamngoja."

Eddo alitazama upande ambao Wajir iko, ambako kwa ndege si mbali hata kidogo. Alipozungumza alizungumza Kisomali, polepole, kama watu wanavyonifanyia hisani.

"Wewe ukibaki hapa utalala kwa nani? Mimi nina watu hapa, sasa hivi nimewapata. Na angalia." Alijishika kiuno pande zote mbili. "Mimi ni magunia mawili. Wewe ni kijiti. Huyu msichana akifa kwa sababu ya mwili wangu, nitamwambia nini Mungu?"

"Na Sahra?"

Alinipa ule mkebe wa nyirinyiri.

"Sahra mzima," alisema kwa Kiswahili. "Mtu mzima nangoja."

Kutoka Diff hadi Wajir

Mmeniuliza kama niliogopa mara ya pili. Niliogopa zaidi. Mara ya kwanza nilikuwa sijui.

Fadumo tulimfunika shuka jeupe, maana alikuwa ameanza kutetemeka kwa baridi. Kitoto nilikifunga kifuani kwa leso yangu, mafundo mawili. Ndege ilikimbia kwenye matope, ikainuka, ikarudi chini, ikainuka. Miiba ya boma ilipita chini ya magurudumu karibu mno. Nilipogeuka nilimuona Eddo amesimama peke yake mbele ya watu, mkono juu, mtandio wake wa rangi ya manjano unapepea. Kisha hakuonekana.

Mawingu yalikuwa yamepungua lakini upepo haukuwa umetosheka. Kila tulipoanguka kitoto kilikunja ngumi. Hakikulia. Kilinitazama tu kidevuni, kwa uzito, kama mtu anayepima kama mbebaji wake anafaa. Nilianza kukiimbia nyimbo tunazowaimbia watoto hapa Hola, nilipozimaliza nikaimba hesabu ya kuzidisha, ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipokosea saba mara nane Bwana Gurdial alinisahihisha, mikono yake yote miwili imeng'ang'ania usukani. Nyuma Fadumo aliita mara moja, "Hooyo," mama, nami nikaunyosha mkono wangu nyuma bila kuona, nikaupata mguu wake, nikaushika hadi tulipotua.

Wajir

Watu wa chama walikuwa wamengoja tangu asubuhi na walishaanza kutukatia tamaa. Nilimtambua Sahra kabla hajatambulishwa: umbo lile, sauti ile, na mtoto wa kiume kiunoni. Alikuwa mbele ya wote, anacheka.

Kisha mlango ukafunguliwa, na alichokiona ni wanaume wawili wakimteremsha mwanamke aliyefunikwa shuka jeupe.

Sitakisahau kilio kile. Alimtupia mtoto mwanamke wa karibu, akakimbia akiita hooyo, hooyo, akajitupa juu ya shuka akalifunua. Akauona uso asioujua. Fadumo naye akamtazama.

"Mama yako mzima!" nilikuwa napiga kelele, kwa Kiswahili, kwa Kisomali, kwa lugha yoyote. "Eddo mzima! Yuko Diff! Amebaki Diff!"

Sahra alikaa chini mchangani pale pale. Walimpandisha Fadumo kwenye gari la hospitali, na yeye bado amekaa. Nilipiga magoti mbele yake nikamweleza yote, na mwisho nikampa mkebe. Aliufungua, akanusa, akaufunga.

"Kwa hiyo alimpa mwingine," alisema. Kiswahili chake ni kizuri, amesoma. "Miaka yote hii, halafu amempa mwingine kiti changu."

Wakati ule ule kitoto kifuani kwangu kikaamua kwamba kimevumilia vya kutosha. Kililia kilio cha njaa, chembamba, cha kukatika katika. Sahra aliinua uso. Mtoto wake mwenyewe, Abdi, alikuwa bado ananyonya, na nikaona kitambaa cha kifuani mwake kikilowa bila yeye kutaka.

"Lete," alisema.

Nilifungua mafundo yote mawili. Alikinyonyesha palepale, amewapa mgongo wanaume, machozi yanamdondokea kitoto kichwani, nacho hakijali. Kiliposhiba alimvuta Abdi karibu akamwambia jambo. Nilielewa: huyu sasa ni dada yako. Kwa dini yetu sote, ni hivyo kweli. Maziwa yamewafanya ndugu.

Mkutano ulifanyika jioni ile katika darasa la shule. Hotuba alikuwa aitoe Eddo. Nilisimama mimi, nguo zina harufu ya matapishi, nikawaambia nilichokiona kibandani Diff na jinsi yule bibi alivyofungua mikono nilipotarajia aseme siku. Sikumbuki mengine. Nakumbuka tulikubaliana kila kijiji kichague wanawake wawili waje kufundishwa hospitalini, na kwamba chai ya Wajir ina chumvi ya visima vyao, na kwamba nilikunywa vikombe vingi.

Kutoka hapo nilikwenda wodini. Sahra alikuwa amekaa kando ya kitanda cha Fadumo, anampangusa uso.

Asubuhi ya pili

Kulipopambazuka nilikwenda kiwanjani kumwomba Bwana Gurdial amfuate Eddo. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Ndege haikuwepo.

"Ameondoka zamani," mlinzi aliniambia. "Amesema anaenda Diff kuchukua mama."

Nilirudi mbio kumwita Sahra. Ndege iliporudi tulikuwa tumesimama pembeni ya kiwanja, yeye na kitoto cha Fadumo kifuani, mimi nimemshika Abdi mkono. Eddo alishuka kinyumenyume, kama anavyoshuka kwenye lori. Aligeuka. Hawakukimbiliana. Walitembea, kila mmoja kwa mwendo wake, na walipofikiana Eddo alimshika binti yake masikio yote mawili, akamtazama uso muda mrefu, akanusa shavu moja, akanusa la pili.

"Umekonda," alisema. Hata mimi Kisomali kile nilikielewa.

Abdi hakutaka kumuona. Alijificha nyuma ya miguu yangu akapiga ukelele. Tulimbembeleza, tukamsukuma. Eddo alisema tumwache. Alikaa chini mchangani, na mwili wake ule, akatoa iliki kwenye pindo la mtandio, akaanza kuzimenya moja moja, kama mtu asiye na haja na yeyote. Alimenya nyingi. Baadaye mkono mdogo ulitokea ubavuni kwake, ukachukua moja.

Kurudi

Tulikaa siku mbili zaidi, maana Bwana Gurdial aligundua ubovu kwenye gurudumu ambao mimi sikuuona, na sidhani hata gurudumu liliujua. Homa ya Fadumo ilishuka. Siku ya mwisho aliketi mwenyewe, akaomba chai, akalalamika kwamba haina sukari.

Siku zile Abdi hakutoka mapajani mwa bibi yake. Alikula naye, alilala juu ya tumbo lake mchana, alimfuata hata msalani. Kwa hiyo kiwanjani ilikuwa taabu. Sahra hakulia, alikuwa ameapa. Lakini Abdi alipoona Eddo ameweka mguu kwenye ndege, alielewa. Aliudaka mtandio wa manjano kwa mikono yote miwili. Tulimfungua vidole kimoja kimoja, na tulipofika cha mwisho cha kwanza kilikuwa kimeshashika tena. Injini ilikuwa inanguruma. Mawingu yalikuwa yanaanza kuinuka kusini.

Eddo alimwambia binti yake aache kumvuta. Kisha akauvua mtandio kichwani, mbele ya askari, mbele ya rubani, mbele ya wanaume wote wa Wajir waliokuja kutuaga, akamwachia. Nywele zake zilikuwa na mvi zaidi ya nilivyojua. Nilifungua leso yangu kiunoni haraka, nikamfunika.

Tulipokuwa juu alitazama dirishani mpaka kiwanja kikawa mchanga tu kama mchanga mwingine.

"Abdi nalala na mtandio yangu," aliniambia. "Leo usiku nalala nayo."